Masega, Risasi na Sheria: Somo la Historia kutoka Uvunguni mwa Gari

Mwezi uliopita gari langu lilianza kuchoka. Nikikanyaga mafuta linanguruma bila kwenda. Kwenye kilima kidogo tu linaachwa nyuma na bajaji. Nikalipeleka gereji. Fundi, kijana ambaye nimemwamini kwa miaka mingi, aliingia uvunguni, akaligonga bomba la moshi mara mbili tatu, akatoka na jibu.

"Mwalimu, masega yameziba. Tuyatoe, tuchomelee bomba tupu, gari litakuwa jepesi. Ila usiyatupe. Kuna watu wanapita hapa wanayanunua."

Akanitajia bei. Ilizidi gharama ya kazi nzima aliyotaka kunitoza. Nikamuuliza kazi ya masega hayo ni nini hasa. Akacheka. "Yanapunguza sauti, Mwalimu. Na huko Japani wanayaweka kwa sababu ya sheria zao."

Sehemu ya kwanza ya jibu lake haikuwa sahihi. Sehemu ya pili ilikuwa sahihi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kifaa hiki kipo chini ya magari kwa sababu ya sheria. Ujuzi wa kukitengeneza ulitangulia kwa takriban miaka 20, ukakaa kando ukisubiri watunga sheria waamue. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara kama maendeleo huletwa na teknolojia au na siasa. Leo nawajibu kwa kisa cha masega.

Tuanze na kazi yake. Laiti injini ya petroli ingekuwa inaunguza mafuta kikamilifu, bomba la moshi lingetoa mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na nitrojeni iliyoingia pamoja na hewa. Haiunguzi hivyo. Hutoa pia sumu tatu. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Ya pili ni haidrokaboni, yaani mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Ya tatu ni oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa pale joto kali la injini linapolazimisha nitrojeni na oksijeni ya hewa kuungana.

Masega ni kipande cha kauri kilichofungiwa ndani ya chuma, chenye vijitundu vingi vyembamba vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuta za vijitundu hivyo hupakwa tabaka lenye chembe ndogo mno za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizi ni vichocheo: huharakisha mmenyuko wa kemikali bila zenyewe kuliwa. Moshi unapopita juu yake ukiwa na joto la kutosha, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, haidrokaboni hugeuka maji na kaboni dayoksaidi, na oksidi za nitrojeni huvunjwa zikarudi kuwa nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku. Kwa hiyo masega hayachuji kitu wala hayakusanyi uchafu. Hubadilisha sumu kuwa gesi nyingine, kwa sehemu ndogo ya sekunde, gari likiwa linatembea.

Sasa turudi nyuma hadi Los Angeles, Marekani, mwaka 1943. Mwezi Julai mwaka huo mji ulifunikwa na ukungu uliowasha macho na kukaba koo. Nchi ilikuwa vitani, na wapo waliodhani ni shambulio la gesi la Wajapani. Vita vikaisha, ukungu ukabaki. Lawama zikatupwa kwa viwanda, kwa wachoma taka, kwa kila kitu isipokuwa gari.

Aliyefumbua fumbo alikuwa mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza kemia ya harufu ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba haidrokaboni na oksidi za nitrojeni, zikipigwa na jua, hutengeneza ozoni na vitu vingine vinavyowasha. Chanzo kikubwa kilikuwa magari na mafuta yake. Mji wenye jua jingi, magari mengi na milima inayozuia hewa kuondoka ulikuwa unajipikia sumu yake wenyewe. Mkazi yeyote wa mji wa kitropiki uliojaa foleni angepaswa kuyasoma maelezo hayo mara mbili.

Diwani mmoja wa Los Angeles, Kenneth Hahn, akaanza kuyaandikia makampuni ya magari barua baada ya barua. Mwaka 1953 kampuni ya Ford ilimjibu kwamba mvuke unaotoka katika magari hutawanyika upesi angani na hauleti tatizo la uchafuzi. Utafiti wa Haagen-Smit ulikuwa tayari unasema kinyume.

Wakati huohuo mhandisi Mfaransa aliyeishi Marekani, Eugène Houdry, alikuwa ameguswa na habari za ukungu huo. Hakuwa mgeni katika uwanja wa vichocheo. Yeye ndiye aliyevumbua njia ya kupasua mafuta ghafi kwa kichocheo ili kupata petroli nyingi na bora zaidi, njia iliyoanza kutumika kiwandani kwa kiwango kikubwa mwaka 1937 na iliyosaidia kuzijazia mafuta ndege za Washirika katika Vita Kuu ya Pili. Mtu aliyewapa walimwengu petroli nyingi akaona ana deni la kusafisha moshi wake. Akaanzisha kampuni, akabuni kifaa cha kichocheo cha kufungwa kwenye bomba la moshi, na mwaka 1956 akapewa hataza yake. Alifariki mwaka 1962. Kifaa chake kilipata kazi katika mitambo ya ndani ya majengo, lakini hakikuingia katika magari ya barabarani.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ilikuwa ndani ya tangi la mafuta, nayo ni risasi.

Desemba 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba kiwanja cha madini ya risasi kikitiwa kidogo kwenye petroli, injini haigongi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata, katika mtambo wa Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kiwanja hicho walirukwa na akili, na 5 kati yao wakafa. Mwaka 1925 serikali iliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya kazini, alipinga waziwazi kuitawanya sumu hiyo mitaani. Hakusikilizwa. Mauzo yaliyokuwa yamesimamishwa yakaanza tena, na kwa miongo iliyofuata utafiti kuhusu usalama wa risasi ukalipiwa kwa sehemu kubwa na walewale waliokuwa wakiiuza. Mtu wa kudai ushahidi wa madhara akawa ndiye anayemlipa mtafiti. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watautambua mtindo huo.

Risasi iliyowadhuru watoto iliua pia vichocheo. Ikipita katika masega, hufunika chembe za platinamu hadi zikashindwa kufanya kazi. Kwa petroli ya enzi hiyo, kifaa cha Houdry kisingedumu. Kuweka masega kulimaanisha kwanza kuondoa risasi, na kuondoa risasi kulimaanisha kugusa biashara ambayo General Motors yenyewe ilikuwa mmiliki mwenza hadi mwaka 1962.

Sababu ya pili ilikuwa mapatano. Kuanzia miaka ya 1950 makampuni makubwa ya magari yalikubaliana kushirikiana katika hataza na utafiti wa vifaa vya kupunguza moshi. Kwa maneno lilikuwa jambo jema. Mwaka 1969 Wizara ya Sheria ya Marekani iliyashtaki kwamba ushirikiano huo ulikuwa njama ya kuchelewesha vifaa hivyo, ili kampuni moja isitangulie na kuzilazimisha nyingine kufuata. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano, bila makampuni kukiri kosa.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu hauhitaji hakimu. Sheria ya California ilisema kwamba vifaa viwili vya kupunguza moshi vikishathibitishwa kuwa vinafaa, vitakuwa lazima kwa magari mapya. Makampuni ya magari yalishikilia kwamba hayangeweza kuwa na chochote kabla ya magari ya mwaka 1967. Mwaka 1964 jimbo likathibitisha vifaa 4, baadhi vya kichocheo, vyote kutoka kwa watengenezaji wa nje ya makampuni hayo. Muda si muda makampuni yaleyale yakatangaza kwamba yangekuwa na suluhisho lao katika magari ya mwaka 1966. Kisichowezekana kiliwezekana mara tu ilipoonekana kwamba mwingine angelipwa kwa kukifanya.

Ndipo tunafika mwaka 1970. Aprili 22 mamilioni ya Wamarekani walishiriki katika Siku ya Dunia ya kwanza. Seneta Edmund Muskie aliongoza muswada wa hewa safi, na Seneti ikaupitisha kwa kura 73 bila hata moja ya kupinga. Rais Richard Nixon aliutia saini Desemba 31. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Nixon, ambaye historia inamkumbuka kwa aibu nyingine, ndiye aliyeidhinisha sheria hiyo na ndiye aliyeunda wakala wa mazingira wa kuisimamia.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika tarakimu zake. Ilisema kaboni monoksaidi na haidrokaboni zipungue kwa asilimia 90 katika magari ya mwaka 1975, na oksidi za nitrojeni katika magari ya mwaka 1976. Haikutaja masega. Haikumwambia mhandisi atumie nini. Iliweka kiwango, ikaweka tarehe, ikaacha ubunifu ufanye kazi. Makampuni yalilalamika kwamba viwanda vingefungwa. Yalipewa nyongeza ya mwaka mmoja mwaka 1973, lakini kwa masharti ya mpito yaliyokuwa makali kiasi cha kufanya masega yahitajike hata hivyo. Kampuni ya Honda ya Japani ilionyesha kwamba injini yake mpya ya CVCC ingefikia viwango vya 1975 bila masega kabisa, na hapo ikawa vigumu kwa wenzake kudai kwamba jambo lenyewe haliwezekani.

General Motors iligeuka. Rais wake, Ed Cole, alikuwa ameshataka tangu mwaka 1970 risasi iondolewe ili vichocheo viweze kutumika: kampuni ileile iliyoileta risasi sasa ilitaka iondoke, kwa kuwa masilahi yake yalikuwa yamehama. Wahandisi wa Corning walitengeneza kauri yenye umbo la sega ambayo ilistahimili joto na mitikisiko. Serikali ililazimisha vituo vya mafuta kuuza petroli isiyo na risasi kuanzia Julai 1974, na magari ya mwaka 1975 yakatoka kiwandani yakiwa na masega.

Masega hayo ya kwanza yalishughulikia sumu mbili tu. Carl Keith na John Mooney wa kampuni ya Engelhard waliongoza kazi ya kutengeneza yale yanayoshughulikia zote tatu kwa pamoja. Hayo yanadai injini ipewe hewa na petroli kwa uwiano sahihi, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, na kwa hiyo yakahitaji sensa ya oksijeni ya kuuchunga uwiano huo muda wote. Volvo iliyapeleka California katika magari yake ya mwaka 1977. Japani ikaweka viwango vikali vya kwake mwaka 1978. Ulaya Magharibi ilisitasita hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo gari jipya la abiria nchini Marekani hutoa sumu hizi kwa kiasi kilicho chini ya lile la miaka ya 1960 kwa takriban asilimia 98 hadi 99.

Yapo pia matunda ambayo hayakupangwa. Risasi iliondolewa kwanza ili kuyalinda masega, lakini waliofaidika zaidi ni watoto. Kati ya mwaka 1976 na 1980 wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kwa takriban asilimia 37, ukifuata hatua kwa hatua kushuka kwa risasi katika petroli. Baada ya takwimu hizo haikuwezekana tena kusema kwamba risasi haina madhara.

Na sisi? Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kumiminika katika bandari za Afrika Mashariki. Yalikuja na masega yake. Sisi tukayajaza petroli yenye risasi, ambayo nchi yalikotoka ilikwisha kuiacha. Masega yakafa, na mafundi wetu wakajifunza kuyatoa. Tusiwacheke. Walikuwa wanaondoa kifaa ambacho kweli kilikuwa kimeshaharibiwa, na aliyekiharibu alikuwa sera yetu ya mafuta.

Kisha tulifanya jambo ambalo hatulisimulii vya kutosha. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika Kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaazimia kuachana na risasi. Mwaka 2002, katika mkutano wa dunia wa Johannesburg, ukaundwa ubia wa kusukuma kazi hiyo chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondoka katika vituo vya mafuta vya Afrika Kusini mwa Sahara. Algeria ilipouza lita zake za mwisho mwaka 2021, dunia nzima ilikuwa imemaliza. Aidha, mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliingia katika kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni katika dizeli, hatua muhimu kwa kuwa salfa nayo hudhoofisha vichocheo. Nani alisema Afrika haiwezi kupanga tarehe na kuitimiza?

Kwa hiyo mafuta tumeyasafisha. Tumesahau nusu ya pili ya kazi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tunazo kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Lakini tangu nianze kuendesha gari nimeulizwa leseni, bima, kizimamoto na stika ya usalama barabarani; hakuna aliyewahi kuingiza kipimo chochote katika bomba langu la moshi. Sheria yetu ina maneno, ila haina mkono unaofika uvunguni. Pale mkono wa sheria usipofika, mkono wa soko hufika.

Soko hilo linajua thamani ambayo sisi hatuijui. Mwezi Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000 za Marekani. Masega huwa na gramu chache tu za metali hizi zote kwa pamoja, lakini ukikusanya ya maelfu ya magari unapata mgodi mdogo. Na mgodi halisi uko wapi? Sehemu kubwa ya platinamu ya dunia, na kubwa zaidi ya rodiamu, huchimbwa Afrika ya Kusini. Agosti 16, 2012, huko Marikana, polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34 wa platinamu waliokuwa wamegoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi.

Hebu tufuate safari hiyo. Metali inachimbwa na Mwafrika aliyelipwa kidogo. Inakwenda ng'ambo, inasafisha hewa ya Tokyo kwa miaka kadhaa, inarudi kwetu chini ya gari kuukuu. Kwetu inakatwa, inauzwa kwa bei ya chakavu, inasafirishwa tena. Hewa inayobaki bila masega ni ya mama anayeuza mihogo kando ya kituo cha daladala na ya mtoto wa shule anayesubiri kuvuka.

Sitaki kuyatukuza masega kupita kiasi. Hayapunguzi kaboni dayoksaidi, kwa hiyo hayazuii mabadiliko ya tabianchi. Hayafanyi kazi vizuri kabla hayajapata joto. Injini za dizeli za malori na mabasi huhitaji vifaa vya namna nyingine. Mji wenye usafiri mzuri wa umma utashinda mji wenye magari binafsi mengi yaliyo safi. Lakini kutokuwa tiba ya kila kitu si sababu ya kuitupa tiba tuliyo nayo na ambayo tulishailipia bandarini.

Kwa watumishi wa umma ninaowafundisha jioni, historia hii inapendekeza mambo matatu. Kipimo cha moshi kiwe sehemu ya ukaguzi wa gari lililotumika kabla ya kusajiliwa na kila mwaka baada ya hapo. Mnunuzi wa masega chakavu awe na leseni na daftari linaloonyesha kila sega limetoka gari gani. Na la tatu ndilo walilolifahamu Muskie na wenzake: mawili hayo yawe na kiwango cha tarakimu na tarehe ya kuanza, itangazwe mapema ili waagizaji na mafundi wajiandae. Kwa wanaharakati, mfano ni Kenneth Hahn. Aliandika barua kwa miaka mingi, akajibiwa upuuzi, akaendelea kuandika.

Mimi sikuyauza masega yangu. Fundi aligundua kwamba plagi moja haikuwa ikichoma, petroli mbichi ikawa inaingia kwenye masega na kuyaunguza hadi yakayeyuka na kuziba. Tukabadilisha plagi, nikanunua masega mengine kwa fedha iliyoniuma. Sijioni shujaa. Dereva wa teksi mwenye watoto watatu shuleni asingeweza kufanya hivyo, na sina haki ya kumlaumu. Uadilifu wa mwenye mshahara si sera ya nchi.

Nilipokuwa nalipa, fundi aliniuliza swali ambalo bado sijalipatia jibu la kumridhisha. "Sasa Mwalimu, kama ni muhimu hivyo, mbona hakuna anayetukagua?"